Mkalimani Anaposema "Mimi"

"Leo utatafsiri ninachosema mimi, siyo unachotaka wewe," nilimwambia kabla hajaketi.

Aliweka kompyuta juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akawa anahangaika na waya. Huyo ndiye mkalimani wa mradi, na mpaka juzi alikuwa mpenzi wangu. Juzi alinitumia ujumbe: "Ukipanda hiyo ndege, usinitafute tena." Niliusoma mara tatu, nikalia, nikakasirika, nikarudi kwenye cherehani.

Katika mradi huo, chuo kikuu cha ng'ambo kinashirikiana na kikundi chetu cha mafundi cherehani kufundisha viongozi wa mitaa. Kilikuwa kinatafuta mtu mmoja akasome miezi minane, arudi kuwafundisha wenzake. Jina langu lilipendekezwa kwa sababu ya vyoo vya soko, maana niliwasumbua wakubwa mpaka vikajengwa. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya usaili, kwa njia ya kompyuta.

Profesa wa chuo hicho akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mama wa makamo mwenye miwani. Akauliza habari za vyoo, nikamwaga yote. Mkalimani akatafsiri kwa kanuni ya kazi yake: nikisema "mimi", naye anasema "mimi", utadhani yeye ndiye aliyepigania vyoo. Mwenyekiti wetu, tunamwita Mama Ajenda, alikaa pembeni anabana kicheko.

Kisha likaja swali lenyewe. Mkalimani akatafsiri huku akitazama waya.

"Anauliza, kuna chochote kinachoweza kukuzuia kuondoka?"

Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

"Kuna mwanamume. Ameniambia nikiondoka nisimtafute. Mimi nitaondoka. Na bado nampenda, tena sana."

Mama Ajenda akamgusa mkalimani bega, akamkumbusha kwamba profesa anangoja. Basi akatafsiri, mwanamume mzima anamweleza profesa jinsi anavyompenda mwanamume aliyemkataza kupanda ndege. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nilisikia hakupunguza kitu.

Profesa akauliza tena, taratibu.

"Anauliza, huyo mwanamume atakungoja?"

"Hilo mimi silijui. Mjibu mwenyewe."

Akageuka, akaipa kompyuta kisogo.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa utasoma, halafu uone mimi sikutoshi. Nenda. Nitakungoja. Na Jumamosi nakuja kwenu na mjomba, tumwone baba yako kabla hujaondoka."

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Profesa akawa anauliza kuna nini, hakuna wa kumtafsiria. Ikabidi Mama Ajenda aingize uso wake kwenye kioo, ainue mkono, aonyeshe kidole cha pete. Profesa alipiga makofi mpaka miwani ikamshuka puani.

Ijumaa mkalimani alinipigia simu anisomee barua ya chuo.

"Umepita," akasema, halafu akashindwa kuendelea. Analia yeye.

Nikamwambia afute machozi alale mapema, kesho baba anamsubiri.