Kila Kitu Kiko Changamwe

"Niingie?"

Hivyo ndivyo fundi Justus alivyouliza kila alipotaka kurekebisha jambo. Yeye yuko ofisini Changamwe, Dama yuko kwake Kiembeni, neno linatokea kwenye skrini. Dama anabonyeza Ndiyo, mshale unatembea wenyewe, mambo yananyooka. Adabu hiyo mashemeji wengi hawana: wao hufika jikoni, wakafunua sufuria, ndipo wapige hodi.

Mpango wa kufanyia kazi nyumbani ulikuwa wa bosi Griffin, mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na aliupigia debe mpaka jasho likamtoka. "Seva moja tu, wasee! Kazi yote iko ndani yake. Kiboksi cha nyumbani ni dirisha. Kikiibwa, kikiungua, kikiliwa na mbuzi, hujapoteza kitu. Kila kitu kiko Changamwe!"

Dama alipiga vigelegele kuwashinda wote. Bintiye Dhahabu, wa miaka sita, alikuwa na pumu. Sasa angefanya kazi huku akimsikiliza anavyopumua.

Mchana mmoja, saa saba, jua limesimama utosini, Dama alikuwa akikaanga samaki aliposikia Dhahabu akisema sebuleni, "Karibu."

"Unamkaribisha nani?"

"Fundi, Mama. Kauliza aingie, nimebonyeza Ndiyo."

Harufu ya udi ikaimeza ile ya samaki. Dama akampigia Justus.

"Mimi? Niko kwetu bara, Dada Dama. Kompyuta sijaigusa wiki nzima."

Alipogeuka, mshale ulikuwa ukitembea. Ukienda kushoto, macho ya Dhahabu kushoto. Ukipanda, macho juu. Kisha mtoto akalala sakafuni taratibu, macho wazi, na pumzi yake, ile pumzi ya kukwaruza ambayo Dama aliijua kuliko sauti yake mwenyewe, ikageuka mvumo mmoja usiopanda wala kushuka, kama feni.

Akaitwa Mama Mweri, mganga wa Magogoni. Aliingia na chetezo mkononi, akamgusa mtoto, akakigusa kiboksi, akakaa chini kwa kishindo.

"Hapa hakuna mtu."

"Mama, si mwanangu huyu hapa!"

"Huyu ni dirisha, bibi wee," Mama Mweri akanong'ona. "Jini hayumo humu. Na mtoto hayumo."

Dama hakuhitaji kuelekezwa pa kwenda.

Walimwacha Dhahabu na jirani Philister, simu imewekwa karibu na mdomo wa mtoto, na njia nzima Dama alikuwa na mvumo ule sikioni. Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya mochwari na kinanuka udi. Mvumo wa simu na mvumo wa mashine ulikuwa mmoja. Mama Mweri akaizunguka na chetezo, akasoma, akakemea, akatokwa na povu, na mwisho akamgeukia Griffin, aliyewafungulia mlango.

"Amekaa kama mwenye nyumba. Zima."

Griffin, ambaye siku nyingine angekubali kuzimwa yeye kabla ya seva, akabonyeza. Mvumo ukashuka, ukafifia, ukafa.

"Dama!" Philister akapiga yowe simuni. "Hapumui! Dama wee, anapoa!"

"Washa!" Dama akamrukia Griffin. "Washa, nakuomba, washa!"

Mvumo ukarudi, na simuni pumzi ikarudi, na kutoka ndani ya lile kabati la chuma lenye vitaa vya kijani, nyuma ya nyaya, mahali ambapo hata panya asingepenya, sauti ndogo ikasema, "Mama, huku baridi."

Skrini ikawaka. Neno likatokea.

Niingie?

"Usijibu!" Mama Mweri akamshika mkono. "Anakutaka wewe."

"Nikimpa nafasi, mwanangu atatoka?"

Mama Mweri akatazama majivu ya chetezo chake.

"Niambie, Mama. Atatoka?"

Mganga akauachia ule mkono.

"Karibu," Dama akasema, akabonyeza.

Simuni kikasikika kikohozi. Kikohozi kibaya, cha kukwaruza, kitamu kama nini.

"Amekohoa!" Philister alilia na kucheka. "Ameamka! Anauliza samaki wake! Dama, wanisikia? Dama?"

Griffin aliokota simu sakafuni. Seva ilikuwa imenyamaza kimya. Mvumo ulitoka kifuani mwa Dama, na mshale ulipokwenda kushoto, macho yake yalikwenda kushoto.