Siku Mafundi Walipokataa Kuimba

Kengele ya adhuhuri ilipolia, Merveille hakubaki uwanjani kuruka kamba na wenzake. Alipitia nyumbani, akachukua bakuli la nsima, ugali wa huko, na maharage, akampelekea mama yake kazini. Ndivyo alivyofanya kila siku ya shule tangu walipofika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi, wakikimbia vita vilivyokuwa vikiwaka kwao Uvira, katika eneo la Kivu. Mwaka huo wa 2000 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na Kichewa chake kilikuwa kimenyooka hata wauza nyanya sokoni walimdhania mwenyeji.

Mama yake, Esperance, alikuwa fundi cherehani katika ukumbi wa shirika moja dogo la misaada. Wanawake wa ukumbi huo walishona sare za shule, na kwa kazi hiyo nyumba zao zilipata sabuni, mafuta na madaftari ya watoto. Msimamizi wao aliitwa Monsieur Gélase, mkimbizi kama wao, mtu wa Bukavu aliyesoma. Alijua Kifaransa, alijua Kiingereza, na kuliko vyote alijua kujisikia. Shati lake lilipigwa pasi hata siku za vumbi, wala hapakuwa na ubaya katika hilo. Ubaya wake ulikuwa ulimini.

Kila baada ya miezi kadhaa wakubwa wa shirika walikuja kutoka Lilongwe kukagua kazi. Ukaguzi wenyewe ulikuwa kichekesho. Gari lilisimama, mafundi wakatoka na vitenge vyao vya sare, wakaimba na kucheza. Gélase akahutubia, wageni wakanywa Fanta, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kumwuliza fundi hata mmoja habari zake. Safari hii Gélase alimteua Merveille atoe shukrani kwa Kiingereza, na Merveille akajiona mtu mkubwa. Alikariri maneno yale akiosha vyombo na akichota maji: msimamizi wetu ni baba yetu sote, bila yeye tungekuwa wapi.

Kisha, siku chache kabla ya ugeni, alifika ukumbini na bakuli lake, akasikia kicheko cha Gélase tangu mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye cherehani isiyo na mkanda. Gélase alikuwa ameuvua ule mkanda wa ngozi unaozungusha mashine, akautia mfukoni, kisha akamwamuru Esperance aendelee kukanyaga. Gurudumu la chini lilizunguka bure na sindano haikushuka. Kosa la Esperance ni kwamba asubuhi alikuwa amechelewa, akimpeleka zahanati mtoto wake mdogo aliyekuwa na homa.

"Kanyaga tu, Madame," Gélase alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Hapa haiko kwa baba yako. Kama umechoka, banawake ba kukamata nafasi yako iko bengi inje."

Esperance alikanyaga bila kuinua uso. Wenzake walishona, kila mmoja akijifanya haoni. Merveille aliweka bakuli chini, akatoka bila kuaga.

Jioni alitangaza kwamba hatasoma shukrani zozote. Mama yake alimkatiza papo hapo. Atasoma, tena atatabasamu, kwa sababu nafasi ile ikipotea hawana nyingine. Merveille akauliza kwa nini basi hawaendi kumshtaki Lilongwe. Jirani yao Mama Véronique, fundi mwenzake Esperance, alikuwa ameketi nao akichambua maharage, akacheka kwa uchungu. Yeye alishakwenda. Alipanda minibasi, akaitafuta ofisi mpaka akaipata, na kijana mmoja akamsikiliza mlangoni. Kijana yule akamwambia kwamba utaratibu wa shirika ni malalamiko yote yapitie kwa msimamizi. Yaani amshtaki Gélase kwa Gélase. Aliporudi Dzaleka habari zilikuwa zimemtangulia, na kwa wiki nzima akawekwa kushona vifungo akiwa amesimama.

"Basi wao wanapenda nyimbo tu," Merveille alisema. "Na siku msipoimba?"

Mama Véronique aliacha kuchambua. Akasema, "Kwetu, mugeni akikuta banawake banakaa chini bila kuimba, anajua kuna kilio. Hawezi kupita. Lazima aulize. Na hawa ba hapa njo vile vile, nimekwenda kwenye maliro yao, vilio vyao."

Esperance alikuwa na woga, na hakuuficha.

"Mi naogopa," alisema. "Lakini kukanyaga mashine ya bure mbele ya mutoto wangu, sitarudilia."

Neno la kutoimba likapita bombani, wanawake wakisubiri ndoo zao zijae. Siku ya ugeni ilipofika, hakuna hata fundi mmoja aliyejitenga.

Gari liliposimama, wageni waliwakuta wanawake wote wameketi ardhini mbele ya ukumbi, miguu wameinyoosha, vilemba wamevivua. Hapakusikika wimbo wala kigelegele. Kiongozi wa wageni alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mayi Nambewe, yaani Mama Nambewe. Kuona vile, hakungoja kuambiwa. Alichukua kitenge garini, akakifunga juu ya sketi yake ya ofisini, akavua viatu, akaketi mavumbini pamoja nao. Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza kwa Kichewa ni nani aliyefariki.

Gélase hakukosa jibu. Alieleza kwa Kiingereza kwamba masikini hawa wamepata habari mbaya za vita, kwamba ndugu zao wameuawa huko Uvira. Kisha akawageukia mafundi, bado anatabasamu, akawaambia kwa Kiswahili wasimame waimbe mara moja, la sivyo kesho asione mtu hapa. Hakuna aliyesogea. Ndipo akamshika Mama Véronique mkono, akamvuta kwa nguvu amwinue. Alikuwa amezoea mno kufanya hivyo hata akasahau kuna mgeni anayetazama. Na huko Kivu, kama hapa Malawi, mwanamke aliyeketi kilioni havutwi na mtu yeyote. Mayi Nambewe alimwambia amwachie, na safari hii hakusema kwa sauti ya chini.

Gélase alimwashiria Merveille atoe shukrani, aokoe siku. Merveille alisimama. Maneno yote aliyokariri yalikuwa tayari mdomoni, na uongo ule wa kilio nao ungeweza kuwafaa. Wangepewa pole, maisha yangeendelea. Alimtazama mama yake. Esperance aliitikia kwa kichwa.

"Hakuna aliyekufa," Merveille alisema kwa Kichewa. "Mama zetu wamekataa kuimba. Mtu huyu anawatukana, anawadhalilisha, na ninyi mkija mnasikiliza nyimbo mnaondoka. Mama Véronique alikuja ofisini kwenu. Mlimrudisha kwa mtu huyu huyu."

Mayi Nambewe alishusha macho. Kisha akamwomba Gélase awaache, aende mbali asikoweza kuwasikia, akabaki pale pale chini. Alimwuliza kila fundi kwa zamu, Merveille akitafsiri, mpaka chupa za Fanta zikapata moto juani.

Wiki iliyofuata Esperance, Mama Véronique na Merveille waliitwa Lilongwe, wakapewa viti mbele ya mkurugenzi wa shirika. Gélase naye aliitwa ajitetee. Alisema wanawake hawa ni wavivu wasio na shukrani. Esperance alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikatae kazi," alisema. "Nakataa matusi."

Gélase aliondolewa usimamizi. Mayi Nambewe alikiri mbele ya wote kwamba matusi yalikuwa ya Gélase, lakini kosa la kutouliza lilikuwa la ofisi. Tangu hapo alikuja Dzaleka bila kutangaza siku, akazungumza na mafundi peke yao, na aliyetaka kushtaki alipokelewa Lilongwe bila kupitia kwa mtu. Msimamizi mpya alikuwa na ukali wake, ila alijua kwamba ataulizwa.

Siku ile ya kuitwa, wakirudi kutoka Lilongwe, walishuka njiani, Lumbadzi, kubadili gari. Merveille alikuwa na jambo linalomkera. Aliuliza kama alikosa adabu, yeye mtoto, kumsema mtu mzima mbele ya wageni.

"Hapana," Esperance alisema. "Mi njo nilikosa. Nilikufundisha kusema asante kila siku, kwa sababu tuko bakimbizi, nikasahau kukufundisha lile neno lingine. Mutu akikutendea mema, mwambie asante. Akikuonea, mwambie hapana, hata kama ni yeye anakupatia kazi na chakula. Na usiseme uongo, hata wa kukusaidia, kwa sababu siku utasema kweli, nani atakuamini? Vita vilitunyang'anya nyumba na mashamba. Kinywa chako hakikubaki Uvira, Merveille. Ulikuja nacho."