Kiti cha Kushoto

Kila Uweso aliporudi na Fuso, milango ilibamizwa miwili.

Sabra, mkewe, alikuwa akiisikia kutoka jikoni, nyuma ya nyumba yao ya kupanga pale Usagara. Injini inazimwa. Mlango wa kulia unabamizwa. Kinapita kimya kidogo, kama cha mtu anayeshusha pumzi, kisha unabamizwa wa kushoto. Halafu Uweso anaingia peke yake, anavua viatu, anamchukua mtoto.

Mwanzoni Sabra hakuuliza. Alijua dereva wa Fuso huwa na utingo wa kumsaidia kupakia na kufunga turubai, na matingo wengine wana haya, hawapendi kuingia nyumba ya mtu mwenye mke. Alimwonea huruma. Mtu aliyeshinda juani na machungwa ya Muheza hawezi kuachwa nje anasikia harufu ya wali wa nazi bila kupewa. Basi akawa anapakua sahani ya ziada, anaifunika kwa kawa, anaiweka kwenye ngazi ya mlango wa kushoto, anagonga bati kidogo na kuondoka bila kutazama, ili mgeni asione aibu. Asubuhi aliikuta sahani tupu, tena imeoshwa. Hilo lilimpendeza. Wanaume wangapi huosha sahani?

"Huyo utingo wako kalelewa," alimwambia mumewe jioni moja.

"Utingo gani?"

"Huyo unayerudi naye. Anayeosha sahani."

Uweso alicheka. "Mama Yasini, mimi sina utingo. Mwenye gari kanikataza kupakia mtu kiti cha kushoto. Hizo sahani nilidhani unaniwekea mimi, na paka wananiwahi."

"Paka ndio wanaosha?"

Wakacheka wote wawili, kisha wakaacha kwa pamoja. Nje, ndani ya Fuso, springi za kiti zililia polepole, kama mtu anajiegemeza vizuri.

Fuso halikuwa lao bado. Lilikuwa la Bwana Sabiri wa Raskazone, naye alimpa Uweso kwa mkataba, kama wanavyopewa madereva wengi. Unaendesha, unapeleka hesabu kila wiki, mafuta na matairi juu yako, na muda ukitimia kadi ya gari inaandikwa jina lako. Ukilirudisha kabla ya hapo umeliendesha bure, ulichokwisha kupeleka hakirudi. Uweso alikuwa amebakisha miezi michache. Alikwisha kuuza kiwanja alichoachiwa na baba yake ili afufue injini. Kulirudisha kulikuwa ni kurudi kwenye deiwaka, kushika usukani wa mtu siku mwenyewe akiumwa.

Kwa hiyo hawakusema kitu. Sabra aliacha kupeleka chakula. Magharibi ya kwanza asiyopakua, alitoka kumwaga maji akaikuta sahani ile ile kizingitini mwa jiko, safi, imeelekezwa ndani. Palikuwa na harufu ya udi na chuma kilichopata moto. Aliiokota, akapakua.

Halafu alikuja Anold, fundi magari, jirani yao mtu wa Lushoto, akamleta Uweso nyumbani mchana kweupe akiwa amemshika mkono kama mtoto.

"Shemeji, njoo umwone mumeo. Rejeta inachemka, yeye kaitia mkono, kauacha humo kama anapima maji ya kumwogeshea Yasini. Mpaka nimemvuta."

"Hakupiga kelele?"

"Kelele nilipiga mimi. Gereji nzima imenicheka."

Ngozi ya kiganja ilikuwa imenyanyuka. Sabra alianza kulia. Uweso alimtazama akilia, akautazama mkono.

"Niliona kuwa ni moto," alisema. "Ila haukunihusu."

Anold hakutania tena. Alikwenda kununua dawa ya kuungua kwa pesa yake mwenyewe, akarudi, akampaka rafiki yake taratibu, akimpulizia kidole kimoja kimoja, ingawa Uweso hakuwa na haja ya kupulizwa.

Tangu siku ile Sabra alimchunguza mumewe. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali, Sabra angejua la kufanya. Alichota maji, alifunga chandarua, alijibu alichoulizwa. Alipoambiwa shangazi yake wa Pangani amefariki, alisema, "Sawa," akaenda kuzika, akarudi, akala. Akimbeba mtoto, alimbeba kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mzigo.

Jioni moja Sabra alitoka nje kuwaita, maana Uweso alikuwa amempeleka Yasini kukaa ndani ya gari. Alimwona mumewe amechuchumaa nyuma, anatazama matairi, mikono mitupu, na alipoinua macho kwenye kioo cha mbele alimwona mwanawe, mtoto wa kutambaa ambaye hajaweza hata kushika meza akasimama, yuko wima juu ya kiti cha kushoto, juu zaidi ya kiti, miguu yake inaning'inia na kuchezacheza, fulana imekunjamana makwapani pale mtu mzima anaposhika mtoto amrushe, na uso wake umeelekezwa kwenye uso wa mtu asiyeonekana, na huyo asiyeonekana alikuwa akimwinamisha na kumwinua, akimwinamisha na kumwinua, polepole, kwa upole mkubwa, kama anayetaka alale. Sabra alikimbia. Alipoufungua mlango mtoto alikuwa ameketi. Kiti kilikuwa na joto.

Wiki ile kliniki Yasini alichomwa sindano, akamtazama muuguzi kama anayetazama ukuta.

"Jasiri huyu!" muuguzi alisema, akambusu. Sabra alimshukuru, maana alisema kwa moyo mzuri.

Ndipo alipofunga safari kwenda Ushongo kwa Bi Khadija, mwanamke anayejulikana kuzungumza na majini. Alimkuta uani anapika vibibi vya mchele, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anamgombeza mtu aliyemuuzia unga wenye wadudu. Alikata simu, akaitikia shikamoo, akampa Sabra kibibi cha moto kabla hajamuuliza shida yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kinachomtoa mtu kwenye mwili wake si shoka, mwanangu," alisema. "Huyu hana ubaya na nyie. Anakaa. Kila anapokaa mioyo ya watu inapoa, basi. Gari la nani?"

"La Bwana Sabiri. Sisi tuko kwenye mkataba."

"Basi mimi sina mkono. Mpangaji hafukuzi jamaa wa mwenye nyumba. Sabiri aje mwenyewe aseme atoke. Au mlirudishe leo hii, abaki na mwenyewe. Au mngoje kadi ije kwenu, kisha mlilete hapa, na mumeo atamke kwa ulimi wake."

"Nikingoja, kuna hatari?"

"Ningekuwa mimi ningelirudisha."

Sabra aliwaza kile kiwanja. Aliwaza Uweso kwenye deiwaka, kiatu kimepasuka. Mtu hali ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Akaenda kwanza Raskazone.

Bwana Sabiri alimpokea barazani kwa heshima, akamwekea mto mgongoni kwa sababu ya mtoto, akaagiza chai. Alimsikiliza bila kushangaa.

"Hajapata kunisumbua," alisema. "Nilikaa naye miaka."

"Njoo umwambie atoke, babu. Nakuomba. Mume wangu anapotea."

"Nitamwambia kwa kosa gani?"

Alikuwa anammiminia chai. Kikombe kilijaa, chai ikamwagikia vidole vyake vilivyokishika, inatoa moshi, naye aliendelea kumimina mpaka birika lilipokwisha. Kisha akamsogezea Sabra sukari.

Wakangoja. Uweso alipeleka hesabu bila kukosa hata wiki moja, hakuna dereva aliyepata kuwa mtulivu barabarani kama yeye. Sabra alimfundisha maneno kama anavyofundishwa mtoto wa madrasa. Sema, ondoka kwenye gari langu. Uweso aliyasema vizuri. Kadi ilipotoka na jina lake, Anold alichinja kuku na kucheza peke yake uani, akiwasukuma wacheze naye. Sabra alicheza kidogo. Aliona anacheza kwa sababu Anold alikuwa mwema.

Waliingia Ushongo baada ya alasiri, wingu zito limetanda upande wa Pangani. Bi Khadija alikwisha kuandaa chano, na juu yake halua, yai, mkate wa kumimina na maji ya mawaridi. Alimwambia Uweso afungue mlango wa kushoto na kuuacha wazi. Alitia ubani kwenye chetezo, akauzungusha moshi. Kiti kilikuwa kimebonyea, mikunjo ya ngozi yake imevutwa kuelekea katikati. Moshi ulipokifikia uligawanyika, ukapita huku na huku, ukaacha nafasi yenye mabega.

"Mgeni," Bi Khadija alisema kwa sauti ya chini, "umesafiri na watu, umekula kwao, mtoto wao umempakata. Leo mwenye chombo ana neno. Uweso, gari hili la nani?"

"Langu."

"Una neno gani na huyu aliyemo?"

Kuku waliokuwa uani walikuwa wamenyamaza. Sabra alimbana Yasini kifuani. Uweso alikitazama kile kiti muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni na anajua alikuwa nao.

"Sina neno naye," alisema.

"Baba Yasini! Mwambie atoke!"

"Kwa nini?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua. Sabra akafungua kinywa amweleze, na sababu zote zilikuwepo, mkono ulioungua, mtoto asiyelia, shangazi aliyezikwa bila chozi, kicheko cha jioni ile ya sahani, lakini kila aliyoishika aliiona kama habari ya watu wengine, aliyosimuliwa na jirani wakati anaosha vyombo, ya kusikitisha, ndiyo, ila ya huko kwao. Akamhamishia Yasini begani.

Bi Khadija aliuliza mara ya pili na ya tatu. Kisha alikimwagia chetezo maji, akafunika chano. Alifungua fundo la kanga yake, akamrudishia Sabra pesa yote aliyompa, akamfungia na vibibi vya njiani.

"Lala kwangu, mwanangu," alimnong'oneza, na machozi yalikuwa yanamtoka mama wa watu. "Wewe na mtoto. Nitakutafutia usafiri wa kwenu asubuhi. Usipande humo."

Sabra aliuona wema ule. Aliuona vizuri, kama mtu anavyoona taa ya nyumba iliyo ng'ambo ya mto. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka. Uweso alikuwa amekwisha kuwasha gari.

"Twende?" aliuliza. Hata hapo hakumlazimisha.

Sabra alingoja hofu ije imshike. Haikuja. Akamuaga Bi Khadija kwa mkono, akapanda ngazi ya kushoto, mtoto begani, kitambaa cha vibibi mkononi. Nafasi ilikuwa ndogo. Springi zililia, kiti kikainuka upande wake na kubonyea katikati, na aliyekuwa amekaa pale akajisogeza, akampisha.

Yasini alimnyooshea mikono, akacheka.

"Ahsante," Sabra alisema, akaketi.