Propela ya Mbele

Kwetu Jumamosi huanza na mahema. Kabla ya chai, mimi na kaka yangu huyatoa stoo, tukayaanika kwenye kamba ya nguo, tukakagua zipu na vigingi kimoja kimoja. Kaka amenizidi miaka miwili tu, mimi nina kumi na miwili, lakini anaamini kwamba kazi yake ni kusimamia na yangu ni kufanya.

"Hema hili lina tundu," nilimwambia asubuhi ile.

"Hilo si tundu, ni dirisha la mbu," akajibu. "Nao wanahitaji hewa."

Mahema ni ya shangazi yetu, dada yake baba, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Kazi yake ni kupeleka familia na wanafunzi kupiga kambi mlimani. Lakini kwa miezi miwili mahema yalikuwa yakianikwa na kukunjwa bila kwenda popote. Gari lake la zamani lilikwama katikati ya kijito likiwa na watoto sita ndani, maji yakafika kwenye milango, na trekta ndilo lililowavuta. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo kesho yake Shangazi aliliuza gari lile kwa watu wa vyuma chakavu.

"Sitapakia tena mtoto wa mtu mpaka nipate gari ninaloliamini," alituambia.

Sasa shule moja ilikuwa ikimsubiri. Baada ya wiki mbili wanafunzi walitakiwa kwenda kambini, na akiba ya Shangazi ilitosha kununua gari moja tu, tena lililotumika. Akikosea, hakuna la pili.

Ndiyo maana alimwendea Fundi Taratibu. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, na watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha. Kwa Jumamosi tatu alikuwa akinifundisha kukagua gari. Shangazi ndiye aliyemwomba, kwa kuwa mimi huandika kila kitu daftarini, mpaka yeye huniita Bi Kalamu.

Fundi alikuwa na karatasi ya ukaguzi yenye mistari ishirini na nane, na utaratibu wake mwenyewe. Kila mkaguzi alikuwa na sehemu yake, na alitia alama kando ya kitu alichokiona kwa macho yake au kukigusa kwa mkono wake. Hakuna aliyerudia kazi ya mwenzake.

"Alama ni ushahidi," aliniambia siku ya kwanza, akifuta mikono kwa kitambaa. "Ukitia alama, ni kama umesimama mbele ya watu ukasema, mimi niliona."

Tulipomaliza kukunja mahema, sote wanne tulikwenda kwenye yadi ya magari. Fundi angekagua injini na breki. Shangazi angekagua usukani, gia na viti, kisha angeliendesha gari. Mimi, kwa sababu ya udogo wangu na maumivu ya mgongo wa Fundi, nilipewa sehemu ya chini. Kaka alikuja kushika tochi na kutoa maoni.

Muuzaji alikuwa bwana mcheshi, shati lake limepigwa pasi barabara. Alitupeleka moja kwa moja kwenye gari jeupe. Rangi yake iling'aa, matairi yalikuwa makubwa, na juu lilikuwa na keria ya kubebea mizigo.

"Karibu, dada yangu," alimwambia Shangazi. "Hili sina haja ya kulisifu. Kizuri chajiuza."

"Basi tukiache kijiuze," Fundi akasema kwa upole. "Sisi tutazame tu."

Kaka alikuwa ameshaanza kulizunguka. "Shangazi, chukua hili! Tukipita nalo mtaani, hata mbwa watasimama wima."

Pembeni lilisimama gari la kijivu. Mlango wake wa nyuma ulikuwa na kutu, na kiti cha dereva kilikuwa kimepasuka. Shangazi aliliulizia pia. Muuzaji akasema ni zima, ila wateja hawalitaki kwa sababu ya sura.

Tulianza na jeupe. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti kabla injini haijawashwa. "Ni baridi," akasema. "Vizuri. Injini iliyopashwa moto mapema huficha maradhi." Likawaka mara moja. Shangazi akavuta mkono wa gia unaounganisha magurudumu ya mbele na injini, na taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye dashibodi.

"Mnaona?" Muuzaji akasema. "Yote manne yanavuta."

Ikawa zamu yangu. Siku ile nilikuwa nimevaa fulana mpya nyeupe yenye picha ya hema, ambayo Shangazi alinishonea kwa ajili ya kazi. Chini ya gari palikuwa na matope yaliyochanganyika na oili.

"Ingia, ingia," Kaka alicheka. "Ukitoka huko tutakuanika pamoja na mahema."

Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa. Niliona giza, chuma na uchafu. Ili kuona vizuri ilinipasa nilale chali na kujisogeza mpaka katikati. Nikaitazama fulana yangu. Nikaitazama karatasi. Palikuwa na mistari saba ya sehemu yangu: chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, springi, mabomba ya breki, propela ya nyuma, propela ya mbele, na mingine. Propela ni ile nondo nene inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari kubwa namna hii, niliwaza, litakosaje vitu vyake? Nikatia alama saba, moja baada ya nyingine, nikasimama.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

"Nimemaliza."

Jibu hilo lilitoka kinywani mwangu kirahisi, nami nikashangaa lilivyokuwa zito baada ya kutoka.

Shangazi aliliendesha gari barabarani, akarudi akitabasamu. Tukaingia katika ofisi ya Muuzaji, chumba kidogo chenye meza, feni na kalenda iliyopitwa na wakati. Mkataba uliwekwa mezani. Fundi akaivaa miwani yake, akaanza kusoma karatasi ya ukaguzi kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Propela ya mbele. Ipo, imefungwa vizuri. Alama ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Shangazi alichukua kalamu. "Hapo endelea tu, Fundi. Bi Kalamu akishaandika, mimi nimeshaona."

Aliyasema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha wageni nyumba yake mpya. Nami nikawaona wale watoto sita katikati ya kijito, wamepanda juu ya viti, wakimwita. Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi.

"Shangazi, subiri!" Sauti yangu ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Sikuona. Sikuingia chini. Niliogopa kuchafua fulana."

Muuzaji akacheka kidogo.

"Ah, mtoto! Gari ni zima, taa mmeiona wenyewe ikiwaka. Tusaini, dada."

Shangazi aliiweka kalamu chini. Hakunikemea. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilitamani afadhali angenikemea.

Fundi alinisogezea karatasi. "Usifute. Chora mstari mmoja juu ya kila alama, uandike 'sikuona'. Asomaye aone kosa na aone limesahihishwa." Nikachora mara saba. "Haya," akasema. "Sasa twende tukaone."

Safari hii sikuitazama fulana. Nililala chali kwenye matope, nikaomba tochi, nikajisukuma kwa visigino. Nilianzia nyuma kama nilivyofundishwa. Propela ya nyuma ilikuwepo, nikaifuata kwa kidole mpaka kwenye gia boksi. Kisha nikaelekea mbele. Kidole kilifika kwenye kipande cha chuma chenye matundu manne ya bolti, na baada ya hapo kikagusa hewa.

"Fundi!" niliita. "Hapa mbele hakuna kitu!"

"Hakuna kitu namna gani?"

"Hakuna propela! Kuna matundu matupu yenye grisi iliyokauka!"

Fundi alipiga magoti taratibu, akainama huku akiguna kwa maumivu ya mgongo, akamulika.

"Imetolewa," akasema. "Wapo wanaoitoa ikiharibika, badala ya kununua nyingine. Mkono wa gia unaendelea kuvutika, taa inaendelea kuwaka, lakini magurudumu ya mbele yanasukumwa tu kama ya mkokoteni. Mjini hutajua. Utajua siku ukiwa matopeni."

Nilitoka chini ya gari. Muuzaji naye aliinama akachungulia, na shati lake likagusa tope. Aliposimama, ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Wallahi nami niliuziwa hivi hivi," alisema. "Sikuchungulia."

Kaka akanong'ona, "Mwongo huyo."

"Usimhukumu," Shangazi akamjibu. "Huenda anasema kweli. Hata sisi tulikaribia kutochungulia." Kisha akamgeukia Muuzaji. "Kaka, tuonyeshe lile la kijivu."

Kwa gari la kijivu nilikaa chini nusu saa. Nilizigusa propela zote mbili, nikazitikisa kuona kama zinacheza. Nilizihesabu bolti. Nilipiga chesi kwa spana ndogo ili nisikie kama kutu imeila ndani. Nyuma, kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, nilikuta unyevu wa oili, na sikutia alama. Niliandika: "Inavuja hapa."

Fundi aliposoma, macho yake yalicheka. "Hiyo ni sili ya mpira. Nitaibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Na ile kutu ya mlango iko wazi, hailaghai mtu."

Nyuma ya yadi palikuwa na lundo kubwa la mchanga wa ujenzi. Fundi aliomba ruhusa, Muuzaji akaitoa. Shangazi akalielekeza gari kwenye mlima ule mdogo, akavuta mkono wa gia, akakanyaga mafuta polepole. Matairi ya nyuma yakarusha mchanga, na ya mbele nayo yakarusha. Gari likapanda likinguruma, likasimama juu kabisa. Shangazi akatoa kichwa dirishani, kilemba kimelegea.

"Kaka mtu!" alimwita kaka yangu. "Mbwa wanasemaje?"

"Wamesimama wima, Shangazi!" Kaka alijibu, naye hakuwahi kupiga makofi kwa nguvu namna ile.

Wiki mbili baadaye tuliwapeleka wanafunzi kambini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kipande cha mwisho cha njia kilikuwa kimegeuka uji. Nilikaa mbele karibu na Shangazi. Nyuma watoto waliimba, kisha wakanyamaza wenyewe walipoona mteremko. Gari likainamisha pua, likateleza kidogo, likashika ardhi kwa miguu yote minne na kupanda upande wa pili bila haraka. Mtoto mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

Tulipokuwa tukishusha mizigo, mwalimu wao alilipapasa gari lile kwenye mlango wake wenye kutu. "Kwa sura huwezi kulidhania. Nani alikuchagulia?"

"Mafundi wawili," Shangazi akajibu. "Mmoja amebaki karakanani. Wa pili ni huyu, mtoto wa kaka yangu."

Mwalimu alinipa mkono kama mtu mzima. Nilihisi masikio yakinichoma kwa furaha, lakini bado kulikuwa na jambo lililonisumbua. Alipoondoka nikasema, "Shangazi, hukumwambia kwamba kwanza nilidanganya."

Shangazi aliketi kwenye sanduku la vyombo, akanivuta karibu naye.

"Sikumwambia, kwa sababu ulikwisha kujisema mwenyewe, mbele ya wote, wakati ilipokuwa vigumu. Sikiliza, mwanangu. Kuona uvivu kunampata kila mtu, hata mimi. Lakini alama isiyo ya kweli haikai kwenye karatasi. Inatoka ikapanda gari pamoja na watoto. Wewe uliishusha kabla safari haijaanza, ukarudi ukaifanya kazi upya mpaka ikaisha. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayempa karatasi yangu ya ukaguzi, leo na mwakani."

Alisimama, akajipangusa, akanikabidhi nyundo na kigingi cha kwanza. Watoto walikuwa wameshalitandaza hema lao, wakisubiri tuwaonyeshe pa kuanzia.