Mgeni wa Mashine ya Sita

Mashine ya sita haikuwa na kitu ndani, lakini skrini ilionyesha nafasi yake imepungua kidogo, asilimia tatu.

Mama Pole, walivyomwita kwa upole wake, alikuwa fundi wa kompyuta za hospitali. Mashine tano zilibeba kazi za wodi zote. Ya sita iliachwa tupu makusudi, ili moja ikifa, mzigo wake uhamie humo. Kila siku aliangalia nafasi iliyobaki.

"Bonge, umeweka kitu kwenye ya sita?"

"Mimi naweka vitu tumboni tu, dada," mwenzake alijibu, akimsogezea nusu ya mkate wake, maana alijua hajala.

Kufika adhuhuri, ilikuwa imepungua asilimia arobaini. Mama Pole akaingia chumba cha mashine. Baridi ilikuwa ile ile, ila nyuma ya ile ya sita palikuwa na joto la shuka zilizolaliwa, na harufu ya nywele zilizolowa.

Saa nane mashine ya pili ikafa. Ndiyo iliyobeba ving'ora vya watoto njiti: mtoto akiacha kupumua, muuguzi huitwa.

"Nahamisha, inakataa," Bonge alisema kwa sauti ndogo. "Imejaa."

Muuguzi alipiga simu. "Tuko wawili, watoto kumi na mmoja. Fanyeni hima, wapendwa."

Mama Pole akakimbilia ndani, na alipofika mbele ya ile ya sita akasikia chuma kikilia kama kitanda ambacho mtu mzito anajigeuza juu yake, kisha ile harufu ikamjia usoni, ikamzunguka shingo, ikamkaribia sikio, na sauti nzito ya aliyekatizwa usingizi ikasema, "Palikuwa patupu. Nikakaa."

"Kuna watoto wanaingoja nafasi hiyo," alinong'ona.

"Na mimi niende wapi?"

Iliuliza kwa uchovu mwingi mno, hata akaingiwa na huruma kabla hajafikiri.

"Njoo kwangu. Waachie tu."

"Imehama," Bonge alisema kutoka nje, akifuta machozi kwa mkono wa shati. Watoto wote kumi na mmoja walikuwa wanapumua.

Jioni, nyumbani, binti yake alimrukia mapajani ajilaze kifuani kama kawaida. Akajipinda, akasukuma kwa kiwiko, akakosa pa kuweka kichwa.

"Mama," akanong'ona, "mwambie asogee."