Kiti Kinachokua na Feliksi

Kila asubuhi Sia alianza siku kwa kujaza karatasi kwenye viatu. Alichana gazeti la zamani, akalifinyanga na kulisukuma hadi mwisho wa kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, ndipo akavaa na kwenda shule. Viatu vilikuwa vipya na vizuri, ila vilikuwa vya msichana mwingine, mkubwa kuliko yeye, ambaye alikuwa bado hajafika. Msichana huyo alikuwa Sia mwenyewe wa mwaka kesho. Hata sketi yake ya shule ilikuwa na pindo nene lililokunjwa mara mbili, likimsubiri huyohuyo.

Baba yake, Bwana Crispin, hakuwa mchoyo. Alikuwa fundi wa idara ya maji aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, mtu mcheshi anayependa vitu vidumu. Akifika dukani alishika nguo ya kimo cha Sia, akairudisha, akachukua iliyoizidi, akamwambia muuzaji, “Mtoto anakua.” Wauzaji wa soko la Mwanga walikuwa wameshamzoea. Wengine walilitamka neno hilo kabla yake, naye alicheka nao.

Miaka hiyo mkoa wa Kigoma ulikuwa umepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo. Mama yake Sia, muuguzi Brigita, alikuwa amehamishiwa zahanati ya kambi moja upande wa Kasulu. Jumatatu alfajiri Baba alimpeleka kwa gari lao dogo jeupe, na Ijumaa alimfuata. Mama alikwenda na Feliksi, mdogo wake Sia, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache na bado ananyonya. Sia alibaki mjini na Bibi Mwanaima, jirani yao mzaliwa wa Ujiji, aliyewapenda watoto hao kama wajukuu zake wa damu.

Ijumaa moja shule ilifungwa mapema, Sia akaenda na Baba kumchukua Mama. Walipokuwa wanarudi, wakiwa wamefika Kidahwe, kundi la mbuzi likakatiza barabara bila taarifa. Baba alikanyaga breki. Feliksi, aliyekuwa amepakatwa na Mama kiti cha mbele, akachomoka mapajani kama samaki mkononi. Mama alimdaka mguu mmoja wakati kichwa kimebakiza upana wa kiganja kufika kwenye kioo. Mtoto hakuumia hata kidogo. Alidhani ni mchezo, akacheka. Lakini Mama alimshika kwa mikono miwili mpaka walipoingia nyumbani.

“Baba Sia,” alisema akiwa bado amesimama mlangoni. “Kule kambini napokea watoto waliobebwa porini na ziwani, wakafika salama. Wangu nimpoteze kwa ajili ya mbuzi? Kuanzia leo mtoto hapakatwi tena ndani ya gari hili. Tupate kiti chake cha gari, na akae humo kwa amani, bila kulia njia nzima. Tusipokipata kabla ya Jumatatu, abaki hapa na Bibi Mwanaima. Nitamwachisha ziwa.”

Neno la mwisho lilimtoka kwa shida. Sia alimwona Mama akigeuka haraka na kwenda jikoni ambako hapakuwa na kazi yoyote. Hakuwa tayari kumwachisha Feliksi, na kila mtu pale ndani alilijua hilo.

Kesho yake asubuhi Baba alipata habari njema. Dada mmoja, Agnesi, mhasibu wa shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi, alikuwa anahamia mkoa mwingine siku iliyofuata na alikuwa anauza vitu vyake. Baba na Sia wakaenda mara moja. Uani walikuta meza, vyandarua, majiko, na pembeni viti viwili vya watoto vya gari. Kimoja kilikuwa cha kijivu, kimefifia kidogo. Kingine kilikuwa chekundu, kipana, mito yake minene imetuna vizuri.

“Shikamoo, anti,” Sia alisema, macho yake yakiwa kwenye chekundu.

“Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyo mtoto mwenyewe yuko wapi?”

“Amelala,” Baba alijibu. “Lakini ukubwa wake tunaujua.”

Agnesi alicheka kidogo. “Viti hivi vyote ni vya mwanangu, na havijawahi kupata ajali. Kingekuwa kimepata, nisingekuuzia, maana kiti kilichogongwa hakiaminiki tena. Cha kijivu kinageuzwa. Mtoto mdogo anakaa akitazama nyuma ya gari, akishakizidi kwa mkao huo unakigeuza atazame mbele. Chekundu nilimnunulia baadaye, alipokwisha kuwa mkubwa. Wako ana umri gani?”

“Mwaka na kidogo. Lakini anakula huyo,” Baba alisema, akakibonyeza kiti chekundu. “Mtoto anakua. Nichukue hiki, kitamfikisha mbali.”

“Ungemleta kwanza akajaribu,” Agnesi alisema.

Baba alimtazama Sia, na Sia akatikisa kichwa kukubali haraka kuliko ilivyofaa. Akilini alikwisha kumwona Feliksi ndani ya kile kiti, amekaa kama chifu. Wakakibeba wakicheka, wakapita nacho mtaani watu wakiuliza kama wamenunua sofa ya mtu mmoja.

Nyumbani kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mikanda ya kiti cha nyuma cha gari, kwa kuwa kiti cha mtoto hufungwa kwa mikanda hiyo. Hakuna aliyekuwa ameiona tangu gari linunuliwe. Mama alikuwa amevalisha viti vile vitambaa vyake vya kufuma, na mikanda ilikuwa imezama chini yake. Waliipata pamoja na karanga, kifungo cha shati na kijiko ambacho Bibi Mwanaima alikuwa amekitafuta sana.

“Na mimi nilimdhania jirani,” Bibi alisema, akakitia kijiko kwenye pindo la kanga yake.

Walikubaliana kwenda wote hadi Simbo na kurudi, Bibi Mwanaima akiwamo, wamjaribu Feliksi kabla ya safari yenyewe. Mama alimkalisha. Mtoto akazama. Mikanda ya mabegani ilianzia juu ya masikio yake, na miguu ilinyooka mbele kwenye mto bila kufika ukingoni. Bibi Mwanaima akakunja kitenge akakisukumia mgongoni mwake. Akaongeza kanga upande wa kushoto, na ya pili upande wa kulia.

“Sasa amebanwa,” alisema.

“Amefungashwa,” Mama alisema.

Barabara ya Simbo ilikuwa ya vumbi na mashimo. Kwenye shimo la kwanza kitenge kilishuka. Kwenye la pili Feliksi aliteleza pamoja nacho, mkanda ukamkwaruza shavu, kichwa kikaangukia kifuani. Alilia kilio cha mtu aliyedanganywa. Sia, aliyekaa karibu naye, alimwinua, akateleza tena, akamwinua tena. Walipofika Simbo mtoto alikuwa amelowa jasho na machozi, na Baba akasimamisha gari kando ya mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi.

“Mwakeye,” yule mama aliwasalimu kwa Kiha, akachungulia dirishani. “Huyo mtoto mnampeleka hospitali?”

“Hapana, mama,” Baba alijibu kwa aibu. “Tunamtembeza.”

Mama alimfungua Feliksi, akamkumbatia. “Basi,” alisema polepole. “Atabaki na Bibi.”

Sia alifungua mlango ashuke kupisha hewa. Alikanyaga tope la mfereji, akavuta mguu, na mguu ukatoka peke yake. Kiatu kilibaki topeni kimejaa gazeti lake. Alisimama kwa mguu mmoja akikitazama, na hapo akaona alichopaswa kukiona tangu asubuhi uani kwa Agnesi.

Kusema haikuwa rahisi. Miezi yote hiyo hakuwahi kumwambia Baba kuhusu viatu. Shuleni alikuwa ameacha kukimbia mbio za kupokezana vijiti, akasingizia goti. Aliogopa Baba angeona hana shukrani. Lakini alimtazama Mama, ambaye alikuwa amefumba macho na kidevu chake kimegusa kichwa cha Feliksi, akaona kunyamaza ni kubaya zaidi.

“Baba,” alisema. “Kile kiti ni kama viatu vyangu.”

“Vina nini viatu vyako?”

“Ni vizuri. Ila ni vya mwaka kesho. Mwaka huu vinanitoka. Ninavijaza gazeti, kama Bibi alivyomjaza Feliksi vitenge, lakini nikikimbia vinatoka tu. Ndiyo maana niliacha mbio. Goti langu ni zima.” Akakinyooshea kidole kiti chekundu. “Na asubuhi nilikubali chekundu kwa sababu ni kizuri. Sikumfikiria Feliksi.”

Baba alikitazama kiatu kilichokuwa topeni, halafu soksi ya Sia, halafu mikanda iliyoning'inia juu kule ambako mabega ya Feliksi yangefika baada ya miaka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, lakini hakucheka. Alishuka, akakiokota kiatu, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe.

“Ingieni,” alisema. “Mrudisheni mtoto kitini, nitaendesha polepole. Agnesi anaondoka kesho.”

Walikuta uani pamebaki vitu vichache. Juu ya kiti cha kijivu alikuwa amekaa Nasri, kinyozi wa Kibirizi, magoti yamemfika kidevuni, akijaribu kukizungusha huku na huku.

“Nimekwisha kukilipia, ni kwa ajili ya saluni,” alieleza. “Watoto hawatulii nikiwanyoa. Hiki kina mikanda.”

Agnesi alimwona Feliksi mikononi mwa Mama, akatabasamu kama mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni huyo. “Bwana Nasri, simama kidogo tafadhali. Hebu mwenye kiti ajaribu.”

Feliksi aliwekwa. Bibi Mwanaima alipotaka kumwongezea kitenge chake, Agnesi alimrudishia. Akatoa mikanda kwenye matundu ya juu na kuipitisha kwenye matundu ya chini, usawa wa mabega ya mtoto. Akaikaza mpaka Sia alipojaribu kuufinya mkanda kwa vidole akashindwa kupata hata mkunjo. Mto mdogo wa pembeni ulishika kichwa. Feliksi alipapasa kifungo kifuani, akatulia, akaanza kula mkanda.

“Akikua mnapandisha mikanda tundu kwa tundu,” Agnesi alisema. “Msiharakishe kumgeuza. Akae akitazama nyuma mpaka akizidi kiti kwa mkao huo. Breki ikija, mgongo wote unabebwa, na shingo haivutwi.”

“Aende Kasulu kinyumenyume?” Bibi Mwanaima alishangaa. “Atajuaje anakokwenda?”

“Bibi, ulipokuwa ukiwabeba wanao mgongoni, walikuwa wanaona njia?” Mama alimuuliza.

Bibi alifikiri. “Walikuwa wanaona kanga yangu,” alikiri, na wote wakacheka.

Kinyozi Nasri alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni. Baba akamwonyesha kiti chekundu. Nasri alikikalia, akajiegemeza, akabonyeza mito. Wateja wake wengi walikuwa watoto wa shule, na kile kiliwatosha sawasawa. Wakabadilishana palepale, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake.

Baba alikifunga kile cha kijivu kwenye kiti cha nyuma cha gari, akakisukuma kwa nguvu zote, nacho hakikucheza. Mama aliingia mbele bila mtu mapajani, na mikono yake haikujua pa kukaa. Waliteremka hadi Kibirizi, wakapita mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, ambapo dagaa walikuwa wameanikwa, ziwa likiwaka jua la jioni. Kwa kuwa Feliksi alitazama nyuma, alikuwa uso kwa uso na Sia aliyekaa kando yake. Walitoleana ndimi njia nzima. Wakati wa kurudi kulikuwa na mashimo kama ya Simbo, lakini Feliksi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea pembeni, mdomo wazi.

Mama aligeuka akamtazama kwa muda mrefu. “Jumatatu tunakwenda wote,” alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Sia alikuwa hajaisikia tangu jana. “Sia, mwanangu, ahsante. Ungenyamaza, ningemwacha. Kitu kinachomfaa mtoto ni kile kinachomtosha leo, na njia ya kukijua ni kumjaribisha, si kukitazama uzuri wake. Na kikikubana au kikikupwaya, sema. Hatuwezi kukikaza tusichoambiwa.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nawe, Baba Sia?”

“Nimesikia,” Baba alisema. “Mtoto anakua. Lakini leo anasafiri na ukubwa wake wa leo.”

Badala ya kukunja kona ya nyumbani, alinyoosha hadi sokoni Mwanga, akasimama mbele ya duka la viatu. Muuzaji alipomwona tu, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, kwenye viatu vikubwa.

“Usihangaike na hivyo,” Baba alimwambia. Alimkalisha Sia kwenye benchi, akapiga goti, akamvua kile kiatu chenye tope. Alitoa gazeti lote ndani yake, akalitia mfukoni mwake. “Leo tumekuja na mguu wenyewe.”