Sauti Nyuma ya Mpira

Jirani yangu Kobe hakuwa mtu wa kuogopa vitu. Jina hilo tulimpa wenyewe hapa mtaani, maana ukimwita aje kula chakula cha moto, anafika kimeshapoa. Kazi yake ilikuwa kuvisha matangi. Msicheke, matangi nayo huvishwa! Gesi ikitoka ardhini haiji safi. Inakuja na maji machafu na uchachu unaokula chuma kama mchwa wanavyokula mlango, kwa hiyo tangi la kuisafishia hugandishwa mpira kwa ndani, ukuta mzima, ili chuma kisiguswe. Mpira ukitoboka, hata kwa tundu dogo la sindano, kutu inaanza kazi yake kimyakimya. Kobe alilipwa kuyatafuta matundu hayo na kuyaziba.

Alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa pekee wa mkewe, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, ambaye sisi tulimwita Redio. Hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mama yao alifariki Redio akiwa bado ananyonya, na dada mtu, naye mtoto tu, ndiye aliyembeba mgongoni hadi akakua. Dada huyo hakuwa na ndugu mwingine duniani. Kila asubuhi akiwafungia chakula alimwambia mumewe, "Unirudishie mdogo wangu." Kobe alikuwa anajibu kwa utani kwamba angemwacha hukohuko, masikio yake yapumzike.

Ila kwa ile kazi, mdomo wa Redio ulikuwa mali. Yeye alikaa nje, kwenye tundu la kuingilia tangini, na utaratibu wao ni kwamba aliye ndani na aliye nje wanaongea muda wote. Hewa ya mle ikiharibika, mtu halii wala hapigi kelele, analala tu. Ukimya ndio dalili. Kwa hiyo aliye mlangoni haondoki, haingii, na hanyamazi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa linawaka na mafundi wa mabomba walikuwa wanabishana mpira wa miguu upande wa pili wa uwanja wa kiwanda. Kobe alishatoka tangini kuja kuchanganya rangi ya kuzibia, halafu akakumbuka kisu chake amekisahau ndani.

"Shemeji, hebu ingia mara moja unichukulie kisu."

"Na mlangoni nani atakaa?"

"Si nipo hapa!"

Hakukaa hapo. Rangi ile ikishatiwa dawa ya kugandisha haitaki jua, basi akabeba ndoo yake akaenda kivulini, nyuma ya kontena, akawa anakoroga huku anapiga mluzi. Tangi likabaki na mtu ndani, mlangoni hakuna mtu. Kosa dogo la uvivu, la mtu aliyezoea kazi.

Aliporudi, Redio alikuwa amekaa mahali pake, kisu mkononi.

"Umekipata?"

"Nimekipata."

Basi. Redio, ambaye ukimtuma kisu lazima akusimulie habari za kisu na za baba yake kisu, alijibu neno moja. Kobe akadhani amenuna, akachukua kisu, ndoo, taa na kifaa chake, akaingia.

Kifaa hicho ni kama fagio la nyaya lenye umeme. Unalipitisha ukutani taratibu, na likikuta tundu linalia. Kobe alipitisha huku na kule, likawa kimya. Akafika ukuta wa nyuma, chini kidogo, kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Likalia.

Mpira ulikuwa umevimba pale, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Jana alikagua mwenyewe na uvimbe haukuwepo. Akauwekea kiganja, akaukuta una joto. Ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena.

"Shemeji."

Kobe akageukia mlangoni. "Umesemaje?"

"Sijasema," akajibu Redio kutoka nje.

"Shemeji, niko huku. Nitoe. Huku hakuna nafasi."

Ilikuwa sauti ya Redio, ndogo, ya mtu aliyebanwa kifua. Ilitoka chini ya kiganja chake. Kobe aliruka nyuma hadi kisogo kikagonga ukuta, akahisi mkojo unamtoka, na wala hakuona aibu.

Akajikaza. Akauliza kwa nguvu, bila kumtazama yeyote, "Redio! Dada yako alikuwa anakuitaje utotoni?"

"Tumbo," akasema aliye mlangoni.

"Tumbo," akalia aliye ukutani.

Walisema pamoja.

Kobe akashika kisu akachana uvimbe. Maji ya kahawia yakamchuruzika mikononi, na nyuma ya mpira palikuwa na chuma. Chuma tu, chenye kutu mbichi, na nyuma ya chuma ni uwanja na jua na mafundi wa mabomba. Hapakuwa na mahali pa kumweka hata panya. Akapapasa na vidole, akagonga, akaweka sikio. Kutu ilikuwa inapumua.

"Ziba, Kobe," ikasema sauti ya mlangoni, taratibu. "Rangi inaganda."

Redio hakuwahi kumwita kwa jina hilo la Kobe. Tangu siku ya harusi alimwita shemeji. Kobe alilisikia hilo, aliniambia mwenyewe, alilisikia vizuri kabisa. Lakini mlango ulikuwa mmoja. Na aliyekaa mlangoni alikuwa yule.

Akachovya brashi.

"Shemeji, usinizibe."

Akapaka.

"Shemeji, nakuomba. Mwambie dada..."

Akapaka tena, nzito, huku analia kwa sauti kama mtoto. Kisha pakawa kimya. Akapitisha fagio la nyaya juu yake, nalo halikulia.

Alipotoka, Redio alimpa mkono amsaidie kushuka. Mkono ulikuwa mkavu na wa baridi, wakati siku nzima ulikuwa juani.

Jioni mkewe aliwafungulia mlango huku anacheka, akaanza kumtania mdogo wake. Redio akapita, akaketi, akala alichowekewa chote, bila neno. Mke akamfuata mumewe jikoni.

"Ana nini huyu?" akanong'ona.

"Amechoka tu," akasema Kobe. Kwa nini alisema hivyo hajui mpaka leo.

Hakupata usingizi. Kulipopambazuka alimwambia mkewe kila kitu. Mke hakupiga ukelele. Alifunga mlango kwa nje, akaweka kufuli huku Redio yumo ndani amelala, akatoka mbio bila viatu. Kobe kwa mara ya kwanza maishani alikimbia.

Mlinzi wa geti la kiwanda aliwazuia. Gesi ilishaingizwa tangu alfajiri, tangi limefungwa boliti zote, na ile gesi ukiivuta pumzi moja huamki. Hakuna wa kulifungua kwa miaka. Mwanamke akashika waya wa uzio kwa mikono yote miwili. Tangi lilionekana vizuri, jeupe, limepakwa rangi mpya, na upande wa nyuma, kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, lilikuwa linatoka jasho la kahawia.

"Tumbo!" akaita. "Tumbo wangu!"

Tangi likagongwa kwa ndani. Polepole. Kobe alisikia, na mlinzi alisikia, maana alivua kofia.

"Naam, dada."

Sauti ilitoka nyuma yao. Redio alikuwa amesimama barabarani, amevaa nguo zake za kazi. "Twende nyumbani," akasema.

Mwanamke alilitazama tangi. Akamtazama aliyesimama barabarani. Alitazama hivyo muda mrefu, na machozi yakawa yanamshuka tu bila kuyafuta. Tangi likagongwa tena. Kobe alingoja apige yowe, angalau na yeye apate kupiga lake. Badala yake mkewe aliachia waya, akaenda akamshika yule mtu mkono, juu ya kiwiko, kama unavyomvusha mtoto.

"Amekuja na sura yake," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Mimi sina mwingine."

Wakarudi naye, na wanaishi naye. Anakula, analala, anaitikia akiitwa. Kobe aliacha ile kazi, siku hizi anauza vifaa vya umeme na hapiti kabisa njia ile.

Mke wa Kobe, mwenzangu, sikumwuliza kitu, mtu anaulizaje? Ila juzi alinipokea bakuli lake nililokuwa nimeliazima, nikakiona kiganja alichomshikia yule mtu siku ile. Kimejaa kutu. Si rangi ya kutu, ni kutu yenyewe, inachubuka vipande, na chini ya kila kipande kuna nyingine.